Karani Asiyeruhusiwa Kusoma

Oktoba 2020, maelfu ya watu nchini Finland walifungua barua pepe zao wakakuta mtu wasiyemjua anawadai pesa. Euro 200 kwa bitcoin, ndani ya saa 24. Ukichelewa, deni linapanda hadi 500. Atakayegoma, yale yote aliyomweleza mtaalamu wake wa saikolojia, mlango ukiwa umefungwa, yangemwagwa mtandaoni pamoja na jina lake. Mdukuzi alikuwa ameiba kumbukumbu za Vastaamo, kampuni ya tiba ya saikolojia iliyokuwa na vituo sehemu mbalimbali za nchi, na wagonjwa walioguswa walifika 33,000 hivi. Alianza kwa kuidai kampuni yenyewe bitcoin 40. Ilipokataa, akawageukia wagonjwa mmoja mmoja. Vastaamo ilifilisika mwaka 2021, na Aprili 2024 mahakama ikatoa hukumu ya kifungo cha miaka sita na miezi mitatu.

Uzembe uliomwingiza mdukuzi ulikuwa wa kawaida kabisa: kanzidata iliachwa ikifikika kutoka kwenye intaneti bila ulinzi wa maana, na maandishi ya wataalamu yalikuwa humo yakisomeka na yeyote atakayeingia. Baada ya tukio, ushauri uliosikika kila kona ulikuwa mmoja, kwamba data zisimbwe. Ni ushauri mzuri. Ila aliyewahi kuendesha hospitali, benki au hata ofisi ya usajili ya chuo anajua hauwezi kutekelezwa hivihivi, kwa sababu data hazihifadhiwi ili zilale. Zinahifadhiwa ili zitafutwe.

Chukua masjala ya ofisi yoyote ya zamani: makabati, majalada yenye namba, na karani anayejua lipi liko wapi. Bosi akisema aletewe majalada ya wagonjwa wote wa kisukari waliolazwa mwezi Machi, karani anaingia, anapekua, anarudi nayo. Anaiweza kazi hiyo kwa sababu anasoma. Sasa mwambie kwamba kuanzia leo kila karatasi imeandikwa kwa maandishi ya siri, kwamba hatapewa ufunguo wa kuyafumbua, na kwamba majalada yanatakiwa yaleyale, tena upesi kama jana. Kwenye kompyuta karani huyo ni seva, na siku hizi mara nyingi seva si ya hospitali. Imekodishwa kutoka kampuni ya wingu ambayo mitambo yake iko Dublin au Virginia.

Usimbaji uliozoeleka unaikwepa shida hii. Kuna ule wa safarini, unaoonyeshwa na kikufuli kidogo juu ya kivinjari. Kuna ule wa kwenye diski, unaofaa endapo mwizi ataing'oa diski na kuondoka nayo. Katikati ya aina hizo mbili kuna dakika ambayo data inatafutwa, na dakika hiyo seva huisimbua, huisoma, kisha hujibu. Ufunguo iko nao yenyewe. Mdukuzi akijipenyeza ndani ya seva iliyo kazini anakuta kila kitu kimefunuliwa, na tangazo la kampuni kwamba data zake zote zimesimbwa linabaki kuwa la kweli bila kumfaa mteja hata kidogo.

Mwaka 2000, kwenye kongamano la usalama wa kompyuta huko California, watafiti watatu wa chuo kikuu cha Berkeley walipendekeza njia ya kumtuma karani bila kumfundisha kusoma. Hao walikuwa Dawn Song, David Wagner na Adrian Perrig. Shida waliyoanza nayo ilikuwa ya barua pepe: mtu anataka barua zake zikae kwenye seva asiyoiamini, na bado aweze kuzitafuta. Kila neno lilisimbwa peke yake, kisha likafunikwa kwa tarakimu zinazoonekana za nasibu kiasi kwamba neno lilelile likitokea mara mbili halifanani. Ndani ya tarakimu hizo walificha jaribio dogo la kihesabu. Mwenye barua anapotaka neno fulani, anatengeneza kwa ufunguo wake tokeni ya neno hilo tu na kuipeleka. Seva inaipitisha tokeni juu ya kila neno lililohifadhiwa; pale jaribio linapokubali, neno limepatikana. Seva inajua ni mahali gani. Haijui ni neno gani.

Njia hiyo ilifanya kazi, lakini kwa mwendo wa kobe, maana kila utafutaji ulilazimu kupitia barua zote mwanzo hadi mwisho. Miaka sita baadaye Reza Curtmola, Juan Garay, Seny Kamara na Rafail Ostrovsky walionyesha namna ya kusimba faharasa yenyewe, ile orodha inayosema neno fulani limo katika nyaraka zipi. Tokeni ikawa inaifungua safu moja tu ya faharasa na kuziacha nyingine zimefungwa, na utafutaji ukaenda kwa kasi ambayo biashara inaweza kuivumilia.

Makala yao ya 2006 ina jambo jingine, nalo ndilo lililoupa uwanja huu heshima yake. Waandishi hawakudai kwamba seva haioni kitu. Walikaa wakaandika kwa lugha ya hisabati ni nini hasa inachokiona: nyaraka ni ngapi, ni zipi zimerudi, na kama utafutaji wa leo ni uleule wa jana. Wataalamu wanayaita hayo mvujo. Tangu hapo, mtu anayeleta mfumo wa kutafuta ndani ya data zilizosimbwa huulizwa kwanza unavuja nini, na akijibu kwamba hauvuji chochote, ama hajakielewa alichokijenga au anakusudia kukuuzia.

Swali gumu ni kama mvujo huo una madhara. Kwa muda mrefu wengi waliuchukulia kuwa wa kupuuzwa.

Mwaka 2011 timu ya MIT, Raluca Ada Popa, Catherine Redfield, Nickolai Zeldovich na Hari Balakrishnan, ilileta CryptDB, na watu wa kanzidata wakasisimka kwa sababu ilikaa juu ya MySQL ya kawaida. Kila kisanduku cha jedwali kilivikwa tabaka kadhaa za usimbaji, ambazo wenyewe waliziita vitunguu. Tabaka la nje lilikuwa imara na halikuonyesha lolote. La ndani yake lilisimba kwa namna isiyobadilika, yaani thamani ileile hutoa maandishi fumbo yaleyale, ili seva iweze kulinganisha. Jingine lilitunza mpangilio: kama 30 ni ndogo kuliko 45, basi fumbo la 30 nalo ni dogo kuliko fumbo la 45, ili seva iweze kupanga wagonjwa kwa umri. Programu inapouliza swali linalohitaji kulinganisha, tabaka la nje linamenywa kwa safu hiyo. Bei yake ilikuwa ndogo ajabu. Katika vipimo vyao, uwezo wa seva wa kuhudumia maswali ulipungua kwa asilimia 14.5 kwenye programu moja na asilimia 26 kwenye kipimo kingine.

Hapo ndipo al-Kindi anapoingia. Katika karne ya 9, mwanafalsafa huyo wa Baghdad aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri, na hoja yake kuu ilikuwa kuhesabu. Herufi hazitokei kwa usawa. Fungua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu: herufi a itaongoza kwa mbali. Mtu akibadilisha kila a kuwa alama fulani, alama hiyo nayo itaongoza, na siri imekwisha kabla hujauliza ufunguo uko wapi. Usimbaji usiobadilika una udhaifu huohuo, tofauti ikiwa kwamba kinachohesabiwa sasa ni jinsia, dini, mkoa au ugonjwa.

Mwaka 2015 Muhammad Naveed, Seny Kamara na Charles Wright walifanya hesabu hiyo. Walichukua data za wagonjwa wa hospitali za Marekani, wakazitazama kama ambavyo seva ya mfumo wa aina ya CryptDB ingeziona, kisha wakazilinganisha na takwimu ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata. Kwenye safu zilizotunza mpangilio, walirudisha thamani halisi za baadhi ya sifa kwa zaidi ya asilimia 80 ya wagonjwa katika asilimia 95 ya hospitali. Kwenye safu za usimbaji usiobadilika, ilikuwa zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa katika zaidi ya asilimia 60 ya hospitali. Hakuna ufunguo uliovunjwa. Shambulio moja lilikuwa jepesi kiasi cha kuudhi: hospitali kubwa ina mgonjwa wa kila umri, kuanzia mchanga hadi kikongwe, kwa hiyo ukiyapanga mafumbo yote ya umri kutoka dogo hadi kubwa, la kwanza ni sifuri, la pili ni mwaka mmoja, na unaendelea hivyo hadi mwisho bila kukisia chochote.

Waliojenga CryptDB hawakukubali lawama yote. Walijibu kwa mwongozo wa matumizi, wakisema safu nyeti zilipaswa kuwekewa alama tangu mwanzo ili zisimenywe kamwe hadi tabaka hizo dhaifu, na kwamba shambulio lilipima matumizi ambayo wao hawakuyashauri. Wana hoja. Lakini mtu anayeifahamu ofisi ya kompyuta ya hospitali ya umma, yenye vijana wawili na simu zisizokoma, anajua nani atasoma mwongozo na nani atabonyeza kitufe cha kuendelea.

Basi tupa tabaka hizo mbili, rudi kwenye faharasa ya 2006 ambayo haionyeshi kitu mpaka mtu atafute. Hata hivyo, karani asiyejua kusoma bado anaona anatumwa kabati lipi. Mwaka 2012 Mohammad Saiful Islam, Mehmet Kuzu na Murat Kantarcioglu walitumia barua pepe za Enron, kampuni ya nishati iliyoanguka mwaka 2001 na ambayo mawasiliano ya wafanyakazi wake yaliwekwa hadharani na mamlaka ya nishati ya Marekani wakati wa uchunguzi. Hoja yao ilikuwa kwamba maneno yana urafiki. Neno mkataba na neno sahihi hukaa katika barua zilezile mara nyingi. Mkataba na keki, mara chache. Seva inayoona kwamba utafutaji wa kwanza na wa pili unarudisha barua nyingi za pamoja, na inayojua kwa jumla barua za kampuni hufananaje, inaanza kukisia maneno, na haikosei mara nyingi kama mtu angetarajia.

Shambulio la 2016 la Yupeng Zhang, Jonathan Katz na Charalampos Papamanthou, wote wakiwa Chuo Kikuu cha Maryland, halikuhitaji hata kukisia. Tuseme seva inataka kujua wewe hutafuta neno gani kati ya maneno 10,000. Inakutumia barua pepe 14. Kila barua imejazwa nusu ya maneno hayo, na nusu hiyo hubadilika kutoka barua hadi barua, kwa mpango kwamba kila neno lina mchanganyiko wake wa barua linamoonekana. Barua 14 zinatosha kwa kuwa zinatoa michanganyiko 16,384. Programu yako inazipokea, inazisimba kwa uaminifu, inazirudisha kwenye seva. Ukitafuta neno, seva inatazama ni zipi kati ya zile 14 zimo kwenye majibu. Neno limejitaja lenyewe. Barua yenye maneno 5,000 yasiyo na mpangilio ingemshtua mpokeaji, kwa hiyo watafiti walionyesha pia namna ya kuzigawa barua hizo ziwe fupi na nyingi zaidi. Tena ni nani asiyepokea takataka nyingi kwenye barua pepe yake?

Kinga zilifuata. Mifumo ya baadaye ilihakikisha kwamba tokeni ya zamani haiwezi kufungua waraka ulioingia baada yake, jambo linalolazimisha mshambuliaji kuziingiza barua zake kabla na kusubiri utafutaji mpya. Ni afueni, na kama afueni nyingine, haimalizi ugonjwa.

Biashara haikungoja ukamilifu. Seny Kamara, jina lililokwisha kutajwa upande wa wajenzi na upande wa wabomoaji, alianzisha na mwenzake Tarik Moataz kampuni ndogo iliyonunuliwa na kampuni ya kanzidata ya MongoDB mwaka 2021. Agosti 2023 MongoDB ilitoa rasmi uwezo wa kutafuta ndani ya sehemu zilizosimbwa huku ufunguo ukibaki kwa mteja. Mwanzoni ungeweza kuuliza ulinganifu tu, kwa mfano namba ya kitambulisho ni hii au siyo. Mwaka 2024 ikaongezwa nafasi ya kuuliza kati ya kiwango fulani na kingine. Kwa miaka mingi wasomi walilaumiwa kwamba wanajenga vitu vya kwenye makala tu, kwa hiyo hatua hii si ndogo. Ofisi ya kawaida sasa inaweza kununua kilichokuwa hisabati ya kongamano.

Sheria nazo zimeanza kuuliza. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu Novemba 2019, inayoutaja usimbaji waziwazi kati ya hatua za kuzingatia na inayotaka uvujaji utolewe taarifa ndani ya saa 72. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023 na kusimamiwa na tume yake. Katika nchi hizi mbili swali la mkaguzi linaelekea kuwa kama data zilisimbwa. Mwandishi wa makala hii angependa liongezwe la pili: ufunguo ulikuwa kwa nani dakika ile data inatafutwa? Kampuni nyingi zingetabasamu kwa swali la kwanza na kuomba muda kwa la pili.

Hadi hapa siri ilikuwa ndani ya kabati. Kuna hali nyingine ambayo kabati liko wazi kwa kila mtu, na siri ni nani ameuliza nini.

Agosti 2006 kampuni ya AOL ilitoa kwa watafiti orodha ya utafutaji upatao milioni 20 uliofanywa na watu zaidi ya 650,000 katika muda wa miezi mitatu. Majina yaliondolewa, kila mtu akapewa namba. Siku chache baadaye waandishi wa New York Times waliifuata namba moja kupitia maswali yake tu, maradhi, mbwa, mji, watu wa ukoo, wakabisha hodi mlangoni kwa mwenyewe, mama mtu mzima aliyekiri kwamba maswali ni yake. Kurasa alizozitafuta zilikuwa za umma. Aliyefichuliwa ni yeye.

Wanahisabati walikuwa wamelitazama jambo hili zaidi ya miaka kumi nyuma. Mwaka 1995 Benny Chor, Oded Goldreich, Eyal Kushilevitz na Madhu Sudan waliuliza kama mtu anaweza kuchukua rekodi moja kutoka kanzidata bila kanzidata kujua ni ipi. Njia moja ni kuipakua yote. Hiyo ni salama na haina maana. Wao walitoa nyingine inayohitaji seva mbili zenye nakala sawa. Unaitaka namba iliyo nafasi ya 37. Unatengeneza orodha ya nasibu ya nafasi na kuipelekea seva ya kwanza, ikurudishie jumla ya namba zilizo kwenye nafasi hizo. Seva ya pili unaipelekea orodha ileile yenye badiliko moja: kama 37 ilikuwamo, unaitoa, kama haikuwamo, unaiweka. Tofauti ya jumla hizo mbili ndiyo namba uliyoitaka. Kila seva imeona orodha ya nasibu tu. Masharti ni kwamba zisikutane zikalinganisha, na hapo ndipo mhandisi anapokuna kichwa, maana seva mbili zisizojuana ni rahisi kuzitaja ubaoni kuliko kuzipata. Mwaka 1997 Kushilevitz na Ostrovsky walionyesha kwamba seva moja inatosha ukiongeza usimbaji wa aina maalumu, unaokubali kufanyiwa hesabu ukiwa bado umefungwa. Craig Gentry, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Stanford, alifungua mwaka 2009 njia ya kufanya hesabu yoyote ile kwa mtindo huo.

Kuna gharama moja ambayo ujanja wa aina hii hauwezi kuikwepa bila maandalizi ya awali: kwa kila swali, seva lazima iguse kila rekodi. Ikiiruka hata moja, imejua kwamba hiyo hukuitaka. Kujificha kikamilifu kunagharimu kazi ya kanzidata nzima, na ndiyo maana hadi leo hakuna mtambo mkubwa wa kutafuta kurasa za intaneti unaofanya hivyo.

Lakini maswali madogo yanawezekana, na mojawapo liko kwenye simu ya kila mtu: nani kati ya watu ninaowajua anatumia programu hii? Programu nyingi za ujumbe hulijibu kwa kuchukua kitabu chako chote cha namba na kukipandisha kwenye seva. Wengine walidhani inatosha kupeleka heshi, ule muhtasari wa kihesabu usiorudi nyuma. Namba za simu zinaivunja dhana hiyo. Namba ya mkononi ya Tanzania, ukiondoa 255, ina tarakimu tisa na huanza na 6 au 7, kwa hiyo zote zinazowezekana ni milioni 200. Kadi moja ya kisasa ya michoro ya kompyuta hukokotoa heshi mabilioni kwa sekunde. Hakuna haja ya kurudi nyuma ukiweza kuzipitia zote kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.

Signal, mojawapo ya programu za ujumbe, ilichukua njia ndefu zaidi. Mwaka 2017 ilihamishia kazi hiyo kwenye sehemu ya chipu ya Intel iliyotengwa, ambamo hata mwenye seva hapaswi kuchungulia, na simu yako inaweza kuthibitisha ni programu gani inayoendeshwa humo kabla ya kupeleka namba. Kizuizi kilikuwa kilekile cha karani: hata kama yaliyomo hayasomeki, mwenye seva anaweza kuona ni sehemu gani za kumbukumbu ya mashine zinaguswa. Mwanzoni waliipitia orodha nzima kila mara, jambo zito kadiri watumiaji walivyoongezeka. Mwaka 2022 walieleza namna walivyohamia kwenye mbinu inayozichanganya data upya kila zinapoguswa, ili kugusa nafasi moja leo na nyingine kesho kusimaanishe lolote. Mizizi ya mbinu hiyo iko kwenye kazi ya Goldreich ya mwaka 1987. Chipu zenyewe zimewahi kutobolewa na watafiti, kwa hiyo si ngome. Ni tabaka moja la ulinzi miongoni mwa mengine.

Wakati mwingine ujanja mdogo hutosha. Troy Hunt wa Australia anaendesha huduma ya kumwambia mtu kama nywila yake imo katika zilizowahi kuvuja, na mwaka 2018 orodha ilipita milioni 500. Kumtumia mtu usiyemjua nywila yako ili umuulize kama imevuja ni kichekesho. Kwa wazo la Junade Ali wa kampuni ya Cloudflare, kifaa chako hupiga heshi ya nywila, hupeleka herufi tano za mwanzo tu, na hurudishiwa heshi zote zinazoanza hivyo. Unamalizia kulinganisha mwenyewe. Seva inabaki na kundi zima, haijui ni ipi iliyokuhusu, na pengine haikuwamo hata moja. Hii si siri kamilifu ya akina Chor, lakini ina haraka, gharama yake ni ndogo na watu wanaitumia.

Mwaka 2024 Apple iliileta hisabati nzito yenyewe kwenye iPhone. Kwa simu inayoingia kutoka namba ngeni, kifaa kinaweza kuuliza kanzidata ya kampuni nyingine namba hiyo ni ya nani, swali likiwa limesimbwa, na kanzidata hujibu bila kulisoma. Truecaller, kampuni ya Sweden inayojulikana sana Afrika Mashariki kwa kutaja majina ya wapigaji, iliunganishwa na mfumo huo Januari 2025. Umbo la mambo linachekesha kidogo: jina la mpigaji linatoka kwenye hazina iliyojengwa kwa sehemu kubwa kutokana na vitabu vya namba vya watumiaji, ambamo watu wengi wameingizwa bila kuulizwa, na sasa anayelindwa kwa hisabati ya hali ya juu ni yule anayeuliza.

Suala la kuulizwa lilijitokeza pia kwenye picha. Mwaka huohuo wa 2024, Apple iliweka huduma inayotambua majengo na maeneo maarufu ndani ya picha zako kwa kulinganisha vipande vilivyosimbwa na faharasa iliyo kwenye seva zake. Hesabu hufanyika juu ya fumbo, maswali hupitishwa kwa mtu wa kati anayeficha anwani ya mtandao, na maswali ya uongo huchanganywa na ya kweli. Kwa upande wa usanifu ni kazi safi. Mwishoni mwa Desemba 2024 watumiaji na waandishi wa programu waligundua kwamba huduma hiyo ilikuwa imewashwa tangu mwanzo bila mtu kuombwa ruhusa, wakalalamika. Wapo waliojibu kwamba kama Apple haioni kitu, hakuna cha kuombea ruhusa. Walalamikaji walishikilia kwamba kitu kinachotoka kwenye picha zao na kuondoka kwenye simu, kiwe kimefungwa namna gani, ni wao wa kuamua kiondoke au kibaki. Swichi ya kuizima ipo, kwenye mipangilio ya programu ya Picha, chini kabisa ya ukurasa.